Figa la Mbele

"Ulimpa chai, ukampa mihogo, kilichobaki ni kumkabidhi ufunguo," Mashimba alisema. "Halafu unashangaa jiwe limeondoka."

"Sishangai. Nimeibiwa. Kushangaa na kuibiwa ni vitu viwili," Mwalimu Chenge alimjibu mwanawe. "Na siyo jiwe. Ni mfupa."

"Baba, mfupa uliogeuka jiwe ni jiwe. Muulize mtu yeyote."

"Simuulizi mtu yeyote. Jiografia nilikufundisha mwenyewe, na ndiyo aibu yangu."

"Aibu yako ni kukaribisha madalali sebuleni."

Inspekta Hadiya Abeid alikuwa amepiga magoti mbele ya kabati, tochi ya simu mkononi. Aliwaacha waseme. Watu wanaogombana husema mengi kuliko wanaohojiwa. Lakini hawa sasa walikuwa wanarudia yale yale.

"Mkimaliza mtaniambia," alisema bila kugeuka.

Mwalimu akakaa kitini, Mashimba akaegemea ukuta.

Kabati halikuwa na milango. Rafu zake zilitandikwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, na juu ya vitambaa ilipangwa mifupa ya wanyama ambao hakuna binadamu aliyewahi kuwaona wakiwa hai. Mwalimu Chenge alifundisha Lindi sehemu kubwa ya maisha yake. Huko, kwenye kingo za vijito, kila mvua zilipokula udongo, aliokota visukuku vya watambaazi wa baharini, kutoka enzi ambazo nchi ile ilikuwa chini ya maji. Aliwaongoza watafiti waliokuja, akapewa kibali cha kuvitunza, na alipostaafu akarudi navyo nyumbani kwake Mkolani, vimefungwa kwenye magunia na mashuka ya mkewe. Kila kipande kilikuwa na namba ya rangi nyeupe. Wiki hiyo gari la makumbusho lilikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kuja kuvichukua vyote.

Katikati ya rafu ya pili palikuwa na nafasi tupu. Namba kumi na nne.

"Nieleze tena kilichokuwa hapa," Hadiya alisema. "Kama unamweleza mtoto wa darasa la nne."

"Pingili ya uti wa mgongo." Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Ya mnyama mwenye kichwa kama cha mamba na mapezi manne badala ya miguu. Mrefu kuliko hii nyumba. Pingili yake moja inakaribia ukubwa wa chungu cha mboga."

"Nzito?"

"Mtu mzima anaibeba. Kuificha chini ya shati hawezi."

"Na hili la juu?"

"Taya la mnyama wa jamii hiyo hiyo. Meno bado yamo."

Hadiya alilimulika. Meno marefu kama vidole, ya kahawia, yaking'aa. Hakuna aliyeligusa, vumbi lililolizunguka lilikuwa halijavurugwa.

Alikwenda mlangoni, akachunguza kitasa. Kilikuwa kizima.

"Mkitoka, ufunguo unakaa wapi?"

"Chini ya mtungi wa maji, barazani," Mwalimu alisema.

"Nani anajua?"

"Mimi na Mashimba. Tupo wawili tu hapa."

Mashimba aliinua macho kwenye picha iliyotundikwa ukutani, kisha akayashusha haraka. Hadiya naye aliitazama picha. Mwanamke mnene anacheka, kijana mwembamba upande mmoja, binti wa shule upande wa pili amemshika mama kiuno.

"Na yule dalali, Luhende, anajua," Mashimba alisema. "Baba alimfungulia mlango mbele ya macho yake. Majirani walimwona akitoka na gunia. Ndiyo maana tumempeleka kituoni asubuhi."

"Mliompeleka ni akina nani?"

"Mimi na vijana wa bodaboda."

"Mlimpiga?"

"Tulimshika tu shati."

Hadiya alirudi kwenye kabati. Kwenye ukingo wa kitambaa cha rafu ya pili palikuwa na doa la kijivu.

"Majivu," Mashimba alisema nyuma yake. "Si unaona, afande? Sigara."

"Ulimwona Luhende akivuta humu ndani?"

"Madalali wote wanavuta."

Hadiya alipitisha kidole juu ya doa, akasugua kwa kidole gumba. Lilikuwa na chembechembe nyeusi, ngumu. Alipiga picha, akakikunja kitambaa, akakiingiza kwenye bahasha ya khaki.

"Hicho alikifuma marehemu mke wangu," Mwalimu alisema. "Kitarudi?"

"Kitarudi. Nitakifua mwenyewe kwanza."

*

Luhende alikuwa mtu mzima, mpana, mwenye ndevu za mvi. Walikuwa wamemvua mkanda na kamba za viatu, kwa hiyo aliingia chumba cha mahojiano ameshikilia suruali kwa mkono.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mara ya kwanza nasalimiwa humu tangu asubuhi."

"Kaa. Gunia ulilotoka nalo lilikuwa na nini?"

"Mihogo. Mwalimu alinipa, muulizeni. Wajukuu wameshaila. Labda mkapime choo."

"Unavuta sigara?"

"Niliacha mama mkwe alipohamia kwangu. Yule mama ana pua ya polisi." Alikohoa. "Samahani, afande."

"Ulifuata nini pale?"

"Nilisikia ana mifupa iliyogeuka mawe. Mimi nauza mawe. Nikambebea mawe ya huku kwetu, nikamwuliza kama na haya yana mfupa ndani. Akacheka mpaka akashika tumbo. Akasema mawe ya Mwanza yametoka kwenye moto wa ardhi, hayana mfupa hata mmoja. Ndiyo akanihurumia akanipa mihogo."

"Alikuonyesha kabati."

"Lote."

"Ungeambiwa uchukue kipande kimoja, ungechukua kipi?"

"Hilo swali ni mtego."

"Ndiyo. Jibu."

"Taya. Lina meno. Mtu akiona meno hahitaji maelezo, anakuuliza bei tu."

"Namba kumi na nne je?"

"Ipi hiyo?"

"Rafu ya pili, katikati."

"Ile nyeusi? Ile nilidhani ni figa limewekwa pale kwa bahati mbaya."

Hadiya aliacha kuandika. "Nyeusi kivipi?"

"Masizi, afande. Upande mmoja umeiva kabisa. Zile nyingine zote ni za kahawia."

Mwalimu Chenge alieleza urefu wa mnyama, mapezi na kichwa chake. Kuhusu masizi hakusema.

"Nirudishieni basi hata mkanda," Luhende alisema alipoona Hadiya anasimama. "Heshima yote iko mkononi."

"Vumilia kidogo, mzee. Leo utalala kwako."

*

"Kwa nini namba kumi na nne ilikuwa na masizi?"

Mwalimu alikuwa amekaa barazani. Swali halikumshtua, lilimchosha.

"Kwa sababu ilikuwa ya Justa," alisema. "Mke wangu. Tulipofika Lindi alikwenda kijitoni akatafuta mawe ya kupikia. Mimi nilizunguka na watafiti kwenye jua, tunachimba, tunachekecha. Jioni moja nimekaa jikoni nasubiri ugali, nikatazama chini ya chungu. Pingili nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo ilikuwa pale, imebeba maharage."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwomba. Akakataa. Akaniambia, mnyama wako amekufa zamani, watoto wangu wana njaa leo." Mwalimu alitabasamu kidogo. "Tulipohama alilibeba yeye mwenyewe. Lilikuwa figa lake la mbele. Moto haukulifanya kitu, lilishakuwa jiwe gumu. Tulipomzika, nikalitoa jikoni, nikaliandika namba."

"Nionyeshe jiko."

Lilikuwa nyuma ya nyumba, kibanda cha matofali mabichi, mlango wake wa bati umefungwa kwa kamba. Siku hizi Mwalimu alipikia gesi. Hadiya alifungua kamba, akaingia ameinama.

Katikati palikuwa na mafiga mawili ya mawe ya kawaida ya Mwanza, meusi. Pa figa la tatu palikuwa na shimo la duara kwenye majivu. Ndani ya shimo hilo, wazi kama muhuri, ulikuwa mkono wa mtu, vidole vimetanuka. Na karibu na mlango, ngata ya majani ya mgomba, imesokotwa vizuri, rangi ya kijani haijaisha.

Aliichukua ngata, akatoka nayo.

"Mwizi wenu aliingia hapa kwanza," aliwaambia baba na mwana. "Hakuwa anatafuta kabati. Alitafuta figa. Alipoona halipo alipapasa kwenye majivu, kama mtu asiyeamini macho yake. Ndipo akachukua ufunguo chini ya mtungi, akaingia ndani, akalikuta rafuni limeandikwa namba, akalitoa kwa mkono ule ule wenye majivu."

"Luhende anaweza—" Mashimba alianza.

"Luhende angebeba begani. Huyu alisokota ngata ya kubebea kichwani, akaisahau. Akaacha taya lenye meno, akaondoka na jiwe la kupikia. Mashimba, dada yako anaishi wapi?"

Mashimba alikwaruza ardhi kwa ncha ya kiatu.

"Kamanga," alisema. "Ng'ambo. Ameolewa na fundi wa mitambo pale. Anaitwa Evelina."

"Nilipouliza nani anajua ufunguo, mbona hukumtaja?"

"Jina lake halitajwi hapa."

Hadiya alimgeukia Mwalimu, lakini Mwalimu hakuwepo. Alikuwa ameingia ndani kuvaa viatu.

Kabla ya kuondoka Hadiya alirudi jikoni, akanyanyua moja ya mafiga mawili, akalifunga kwenye gazeti, akaliweka nyuma ya gari.

"Hilo la nini?" Mashimba aliuliza.

"La kulinganisha masizi."

*

Kwenye kivuko Hadiya na Mwalimu walibaki ndani ya gari. Mbele yao lori la magodoro lilizuia upepo wote wa ziwa. Mwalimu aliweka mikono juu ya magoti kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

"Nikwambie jambo moja tukiwa bado majini," Hadiya alisema. "Visukuku ni mali ya taifa. Siyo kama mtu amechukua kuku. Faili la wizi liko wazi kwa sababu wewe uliripoti, lakini halina jina la mshtakiwa. Nikishaandika jina, siyo wewe wala mimi tutakaolifuta. Litakwenda mahakamani."

"Asubuhi nilikuambia mwizi ni mwizi."

"Ulisema."

"Nikamwambia na Mashimba asimhurumie mtu."

"Hilo sikulisikia. Ila shati la mzee Luhende limechanika."

Mwalimu alitazama maji. Kundi la ndege weupe lilikuwa linafuata mkia wa kivuko.

"Justa alifariki harusi imeshapangwa," alisema. "Nikamwambia Evelina tusubiri mwaka uishe. Huwezi kupiga vigelegele matanga hayajaanuliwa. Akakataa. Akaolewa pale pale Kamanga, na mimi sikwenda. Mashimba naye sikumruhusu."

"Na figa?"

"Kwao Justa, binti akianza jiko lake, mama humtolea figa moja jikoni kwake. La mbele. Analiweka mama kwa mkono wake mwenyewe, ndipo binti anainjika chungu cha kwanza."

"Na mama akiwa hayupo?"

Mwalimu alifikiri mpaka kivuko kikaanza kupunguza mwendo.

"Sijui," alisema. "Sikuuliza."

*

Haikuwa kazi kumpata. Kila mtu gatini alimjua mke wa fundi. Vyumba viwili nyuma ya maduka, ua wa matete, na pembeni kibanda kidogo cha kupikia. Moshi ulikuwa unatoka.

Evelina alikuwa ameinama anachochea kuni. Alipoinuka, alikuwa ni yule yule wa picha, ila mwenye tumbo la miezi ya mwishomwisho. Alimwona Hadiya, akaona kitambulisho mkononi mwake, kisha akamwona aliyesimama nyuma.

"Shikamoo," alisema. Haikujulikana anamwamkia nani.

"Marahaba," Mwalimu alijibu.

"Inspekta Hadiya, kutoka Mwanza. Natafuta kisukuku kilichotoka nyumbani kwa baba yako."

"Kisukuku sijachukua. Nimechukua figa la mama." Evelina alionyesha kwa kuni aliyoshika. "Hilo hapo. Sikuvunja mlango, sikujificha. Nilipita barazani mchana watu wakiniona. Nilibisha hodi, hakukuwa na mtu."

"Ulijua kuwa makumbusho yanakuja kulichukua?"

"Ningejuaje? Naambiwa na nani?" Alimtazama baba yake. "Harusini hukuja. Nikaugua, hukuja. Leo kwa ajili ya mfupa umevuka ziwa."

Kwenye chungu maharage yalikuwa yanatokota.

"Sikujua ni wewe," alisema mwishowe.

"Ungejua ungekuja?"

"Ningekuja mapema."

Evelina alisogeza kuni isiyohitaji kusogezwa.

"Mama ndiye aliyenikataza kuahirisha," alisema, sauti imeshuka. "Hospitali, siku zile za mwisho. Alisema msiba hauna mwisho ukiusubiri. Alisema figa la mbele ni langu, nisisahau kulifuata. Wewe ulikuwa umetoka kununua dawa. Nilitaka kukuambia, ukasema hutaki kunisikia."

"Nilisema hivyo?"

"Mbele ya Mashimba."

Hadiya alichuchumaa karibu na moto. Utaratibu ulikuwa utaratibu. Kama kitu kimepatikana, mlalamikaji lazima akitambue.

"Mwalimu, sogea. Nionyeshe namba kumi na nne."

Mwalimu alichuchumaa kwa shida, akarudisha miwani juu ya pua. Upande uliokuwa na namba uligeuziwa moto. Rangi ilikuwa imekwisha kuungua.

"Namba hakuna," Hadiya alisema. "Utalitambuaje?"

"Pale." Alinyoosha kidole. "Kuna pengo dogo ukingoni. Akimaliza kukoroga uji alikuwa anagonga mwiko pale, mara zote. Nilimwambia utauvunja mgongo wa mnyama, akasema—" Alinyoosha mkono kutaka kuligusa pengo.

"Baba, utaungua." Evelina aliudaka mkono wake.

Hakuuachia mara moja, na Mwalimu hakuuvuta.

Hadiya alisimama, akapangusa magoti. Alikuwa na maswali mawili ya mwisho, na aliyauliza kama anavyouliza siku zote, bila kupamba.

"Evelina. Ulipolichukua, uliamini ni la nani?"

"Langu. Alinipa mama."

"Mwalimu. Mkeo alikuwa na haki ya kulitoa?"

Kama angesema hapana, jina la Evelina lingeandikwa jioni ile. Mwalimu alijua. Aliangalia kiganja cha binti yake, kilichopauka kwa majivu.

"Lilikuwa jikoni kwake kabla sijajua ni kitu gani," alisema. "Namba niliiandika mimi bila kumwuliza mtu. Ndiyo. Alikuwa na haki."

"Basi anayechukua kitu akiamini kwa dhati ni chake, sheria haimwiti mwizi. Nitaandika hivyo na mtatia sahihi wote wawili. Lakini kisukuku chenyewe ni cha taifa, na gari linakuja. Hilo siwezi kulipinda."

Alitoa simu, akapiga kituoni.

"Mfungulieni mzee Luhende. Hapana, siyo kesho. Sasa hivi, nabaki hewani." Alisubiri, akitembea ua mzima na kurudi. "Mkanda pia. Na kamba za viatu. Mpe simu... Mzee, ni Hadiya. Nenda nyumbani. Shati Mashimba atakununulia, nitasimamia mwenyewe... Hata mama mkwe msalimie."

Alipogeuka, Evelina alikuwa ameepua chungu na kukiweka chini. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa hayafuti, mikono ilikuwa na kazi. Alishika pande za kanga, akaanza kulisogeza lile figa kutoka motoni.

"Lichukueni," alisema. "Mama angekasirika nikipelekwa mahakamani kwa ajili ya maharage."

"Na jiko lako?" Mwalimu aliuliza.

"Nitatafuta jiwe. Kamanga haikosi mawe."

Mwalimu aliinuka. Alikwenda kwenye gari, na Hadiya, ambaye hakuwa ameulizwa, alishafungua mlango wa nyuma. Alirudi amekumbatia furushi la gazeti kifuani, anatembea polepole. Alipiga magoti kwenye majivu pembeni mwa moto na suruali yake safi, akalifungua.

Evelina alilitambua kabla gazeti halijaisha kufunguka. "Hilo ni la kulia," alisema. "La upande wa mlango."

"Ni jiwe la Mwanza," baba yake alisema. "Halina mfupa. Lakini masizi yake ni ya mama yako."

"Anayeweka ni mama, Baba. Siyo baba."

"Najua. Nitafutie mwingine, basi, nimpishe."

Evelina alicheka huku analia, akajishika tumbo. Kisha akasogea pembeni kumpa nafasi.

Mwalimu alilishusha jiwe mahali pa lile la zamani, akalizungusha mpaka likatulia, akakusanya majivu kwa viganja na kulishindilia chini, kama alivyomwona Justa akifanya siku waliyohamia Mkolani. Akalijaribu kwa mkono. Halikucheza.

"Injika," alisema.

Evelina alikibeba chungu, akakiweka juu. Mwalimu akainama mpaka shavu likakaribia ardhi, akaanza kupuliza moto.